Suti ya Mzee Pasi

Mzee Pasi alikufa Jumatatu saa nne asubuhi akiwa kazini, amesimama, na jambo la mwisho alilolifanya duniani ni kuisimamisha pasi wima ili isiunguze shati la mteja. Daktari alisema ni moyo. Kibanio, mjukuu wake, aliyekuwa meza ya pili akikunja mashuka, alijiambia kwamba mtu mwingine yeyote angeanguka na pasi yake na kuteketeza nguo za nusu ya mtaa. Babu yake alichagua kuangukia upande usio na nguo. Alijigonga kichwa kwenye ndoo ya wanga, lakini mashati kumi na manne ya Jumatatu yalibaki yamenyooka kama yalivyokuwa.

Hilo jina la Kibanio alipewa na babu huyo huyo, kwa sababu alipokuwa mdogo alikuwa akiing'ang'ania suruali yake kama kibanio kwenye kamba ya kuanikia. Sasa alikuwa na miaka kumi na tisa, amemaliza sekondari na matokeo ambayo ukoo mzima ulikubaliana usiyataje wakati wa kula, na kwa miaka miwili alikuwa akifanya kazi na mzee katika chumba cha mbele cha nyumba yao. Meza mbili, pasi ya mkaa, pasi ya umeme kwa siku ambazo umeme umeamua kuja, na uani kamba sita. Miaka arobaini na mmoja ya udobi ilikuwa humo. Kwa chumba hicho Mzee Pasi alizika mke, akalea watoto watatu, akasomesha wawili mpaka wakawa na vyeo vya kumkwepa, na wa tatu, mama yake Kibanio, akabaki nyumbani, akafagia shule ya jirani na kumpikia baba yake.

Alikuwa mtu wa kazi kupita kiasi. Asubuhi mkono wake wa kulia uliamka kabla yake. Kibanio aliwahi kumkuta amelala usingizi huku mkono ukipiga pasi shuka alilojifunika. Sare ya shule ya mjukuu wake aliinyoosha kila siku kwa miaka kumi na mmoja, na mkunjo wa sketi ulikuwa mkali kiasi kwamba wenzake darasani walikuwa wakimwomba awakatie mkate.

Na alikuwa na masharti yake. Kila mteja alikuwa na alama ya uzi, imeshonwa mahali pa siri: ndani ya ukosi, chini ya mfuko, nyuma ya mkanda wa suruali. Mama wa duka la dawa alikuwa nyuzi mbili za kijani. Mwalimu wa hesabu alikuwa msalaba mweusi. Mkaguzi, mzee mstaafu aliyekuwa akipita madukani miaka thelathini kupima kama mizani inasema kweli, alikuwa nyuzi tatu nyekundu. Nguo za kawaida zilikaa dukani. Nguo za heshima, suti na magauni ya harusi, Mzee Pasi alizitundika kwenye kabati la chumbani kwake, mbali na moshi wa mkaa. Kabati lilikuwa moja. Kwa hiyo nguo zake mwenyewe, suruali mbili na mashati matatu, zilikaa kwenye boksi la sabuni chini ya kitanda.

Sharti lililokuwa juu ya yote lilikuwa hili: nguo ya mteja haivaliwi. Hata dakika moja, hata kwa mchezo. Kibanio alipokuwa na miaka minane alijaribu shela ya bibi harusi mbele ya kioo. Babu hakumchapa. Alimshika mkono, akatembea naye mitaa mitano mpaka kwa mwenyewe, akamsimamisha sebuleni mbele ya wageni aseme kwa mdomo wake kwamba ameivaa. Njiani kurudi, mtoto analia kamasi zote, mzee akamwambia, "Ile si nguo, mjukuu wangu. Ile ni mtu. Utamvaaje mtu?"

Jumanne Mkaguzi alikuja kutoa pole. Alikaa, akamsifu marehemu, akanywa maji, na wakati wa kuondoka akamvuta Kibanio pembeni.

"Binti, najua si wakati wake. Ile suti yangu nyeusi ya harusi ya mwanangu, ipo?"

"Ipo, mzee. Kabatini kwa babu."

"Basi sina wasiwasi. Nguo ikiwa kwa babu yako ni kama ipo kwangu."

Jumatano wajomba waliwasili. Mjomba Mkubwa anauza vipuri vya magari mji mwingine, na alishuka na simu mbili zilizokuwa zikiita kwa zamu. Mjomba Mdogo anafanya biashara, na hakuna mtu katika ukoo aliyewahi kuiona hiyo biashara kwa macho. Mara ya mwisho walipokanyaga hapo ilikuwa mwaka juzi, wakakaa robo saa, wakaacha mlango wazi.

"Hee, pasi ya mkaa bado ipo?" alisema Mjomba Mkubwa, akiigusa kwa kidole kimoja kama anayegusa chura. "Hii ipelekwe makumbusho. Na wewe Kibanio, ulimaliza shule au shule ilikumaliza?"

"Ilinimaliza, mjomba. Ila iliniachia macho ya kusoma kalenda. Babu alikuwa anawasubiri tangu mwaka juzi."

"Mdomo huo. Ndiyo maana hujaolewa."

"Na wewe umeoa mara tatu na mdomo huo huo."

Mama yake akamfinya. Mama alikuwa mtu wa kufinya, hakuwa mtu wa kusema. Wajomba walipokaa walianza kumkumbuka baba yao, na walimkumbuka kwa kushindana, kila mmoja akivutia kwake. Mjomba Mdogo alisema mzee alimpenda yeye zaidi. Mjomba Mkubwa alisema hapana, siku ya usaili wake wa kwanza wa kazi baba alimnyooshea shati mara nne, mpaka likawa linasimama lenyewe. Hilo lilikuwa kweli. Kibanio alilijua kwa sababu babu naye alikuwa akilisimulia kila alipokuwa akitazama barabarani. Yule mtoto aliondoka na lile shati akiwa amenyooka kweli kweli, alikuwa akisema. Hata kugeuka nyuma hakuweza.

Alhamisi asubuhi Kibanio alitoa boksi chini ya kitanda. Humo kulikuwa na shati jeupe na suruali ya kijivu ambazo babu alimwonyesha mwenyewe, miezi sita nyuma. "Siku nikiondoka, nivalishe hizi. Na usizidishe wanga, nitakuwa mkakamavu wa kutosha." Walicheka wote wawili mpaka mkaa ukazimika. Sasa alizifua, akazianika, akazipiga pasi kwenye meza ya babu, kwa pasi ya babu, ukosi kwanza kama alivyofundishwa, halafu mikono, halafu mgongo. Akaziweka juu ya kiti cha sebuleni, akaenda jikoni kuchukua chai ya wajomba.

Aliporudi, Mjomba Mkubwa alikuwa ameweka mguu juu ya kiti anafuta kiatu. Alikuwa anafuta kwa shati.

"Hilo la babu," alisema Kibanio.

"Lipi?"

"Hilo ulilolishika. La kuzikiwa."

Mjomba aliligeuza akaliangalia. Rangi ya kiatu, kahawia, ilikuwa imeenea kifuani. "Nilidhani tambara," alisema, akamalizia kiatu cha pili, kwa sababu lilikuwa limeshachafuka. "Hata hivyo ungemvalisha hili mbele za watu? Mimi nina wateja wangu wanakuja. Mzee anaondoka kama mlinzi wa ghala?"

"Alichagua mwenyewe."

"Marehemu hachagui. Mdogo wangu, hebu angalia kabatini kwa mzee."

Mjomba Mdogo alikwenda, na baada ya muda mfupi akatoka ameshika hanga, uso umemchangamka. Suti nyeusi, kitambaa kizito, imefunikwa karatasi.

"Mzee alikuwa anatuficha. Tazama kitu hiki."

"Si unaona?" alisema Mjomba Mkubwa. "Baba alikuwa na hadhi yake. Nyinyi ndio mlikuwa mnamvalisha matambara."

Kibanio alifungua mdomo. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno: hiyo ni ya Mkaguzi. Wangegeuza tu mkanda wa suruali wangeona nyuzi tatu nyekundu. Na Mjomba Mkubwa mwenyewe, alipokuwa mtoto, ndiye aliyekuwa akizishona alama hizo, babu alishasimulia. Watoto wa dobi, wamezaliwa kati ya kamba za dobi, wanaamini kilichomo kwenye kabati la baba ni cha baba. Kosa hilo mtoto wa fundi viatu asingelifanya.

Akaliangalia shati lenye rangi ya kiatu sakafuni, akaufunga mdomo.

Kwa sababu aliona picha nzima. Mkaguzi hakosi msiba. Mkaguzi hana jicho la kupitwa. Atafika kwenye jeneza mbele ya mtaa wote, mbele ya hao wateja wa vipuri, ataona suti yake, ataulizia, na hawa mabwana wawili wataonekana walivyo: wana wasiojua hata nguo ya baba yao. Picha ilikuwa tamu. Kibanio alikunywa chai ya wajomba mwenyewe akiwa amesimama, yote, na sukari yao.

Ijumaa asubuhi mwili ulifika, wakamvalisha chumbani. Mzee alikuwa amepungua na suti ilikuwa ya mtu wa shibe, ikampwaya mabegani. Mjomba Mkubwa akapiga kelele kutoka ndani, "Kibanio, lete vibanio," na Mjomba Mdogo akacheka. Alileta vinane. Akaambiwa ashike. Basi ni mikono yake iliyolikusanya koti mgongoni kwa marehemu na kulibana, kimoja baada ya kingine, kuanzia shingoni mpaka kiunoni, na kwa mbele mzee akatokeza nadhifu kama meneja wa benki. Kila kibanio kilipouma kitambaa Kibanio alisikia sauti ya zamani ikiuliza utamvaaje mtu, na kila mara aliijibu, subiri kidogo, babu, utaona.

Mama aliingia, akamtazama baba yake kwa muda.

"Hii suti baba aliipata wapi?"

"Sijui, mama," alisema Kibanio.

Uani kamba zilikuwa zimefunguliwa, pakawekwa viti, na watu wakajaa. Mjomba Mdogo alisoma wasifu wa marehemu. Alimwita mfanyabiashara wa sekta ya mavazi. Alisema watoto wake walimtunza kwa hali na mali, na nzi mmoja, kwa heshima zote, akatua mdomoni mwa msomaji. Kisha watu wakapanga mstari kuaga. Kibanio alisimama kichwani kwa jeneza, pembeni ya wajomba, mahali pa kuona vizuri. Moyo ulikuwa unamdunda kama wa anayesubiri goli.

Mkaguzi alikuwa wa ishirini na kitu. Alifika, akavua kofia, akainama. Akakaa ameinama. Akatoa miwani mfukoni, akaivaa, akanyoosha vidole viwili akainua ukingo wa koti, akachungulia upande wa ndani, chini ya mfuko. Miaka thelathini alikuwa mtu wa kutafuta penye upungufu, na vidole vilikuwa bado na kazi yao. Alipojiinua uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa umezeeka.

"Hii suti ni yangu," alisema. Hakupaza sauti, lakini hata aliyekuwa mwisho wa mstari alisikia.

Haya sasa, alijiambia Kibanio, akamgeukia Mjomba Mkubwa ili asikose hata chozi moja la aibu.

Mjomba Mkubwa alishangaa kwa muda wa kumeza mate mara mbili, si zaidi. Anauza vipuri, ameshaulizwa mara nyingi kitu fulani kimetoka wapi. Akashusha mabega, akatikisa kichwa polepole kwa huzuni iliyopangwa vizuri.

"Mzee wangu, sisi ni wageni hapa. Tumeikuta kabatini kwake, ameitundika kama yake. Tukajua ni yake. Kumbe." Akavuta pumzi. "Baba yetu alikuwa mtu mzuri. Lakini alikuwa binadamu. Tusimhukumu."

Neno hilo la kumwombea ndilo lililommaliza Mzee Pasi. Kama angemtukana, watu wangemtetea. Mama wa duka la dawa, wa nyuzi mbili za kijani, akamnong'oneza jirani yake kwa sauti ya kusikika na viti vya nyuma, "Ndiyo maana gauni langu la zambarau limekaa huku wiki mbili."

"Mimi shati langu lilirudi likiwa limelegea kiwiko," alisema mwalimu wa hesabu. "Nikasema labda mimi."

"Na mashuka je? Alikuwa analalia ya nani?"

"Miaka arobaini, jamani. Alikuwa na kabati kubwa kuliko sisi wote."

Mtu mmoja alicheka puani. Wengine wakaambukizwa, kile kicheko cha msibani kinachojificha nyuma ya leso.

"Uongo," alisema Kibanio. Ilitoka kwa nguvu, watu wakamgeukia. "Babu hajawahi kuvaa nguo ya mtu. Suti alizitundika chumbani kwa sababu ya moshi. Nguo zake zipo kwenye boksi chini ya kitanda, nendeni mkaone. Hawa ndio wameitoa wakamvalisha, hata alama hawakuangalia."

"Na wewe alama uliiona?" aliuliza Mjomba Mkubwa, kwa upole.

"Niliijua bila kuiona. Ni ya Mkaguzi."

"Tangu lini unajua?"

"Tangu jana."

"Jana." Mjomba aliwageukia watu, mikono wazi. "Alijua jana. Leo asubuhi nani ameshika hili koti likabanwa mgongoni? Mdogo wangu, si ni huyu? Vibanio vinane, kwa mkono wake. Ndugu zangu, kuna mjukuu gani anayejua nguo ni ya mtu, akamvalisha babu yake akiwa amekufa, akanyamaza?"

Mjukuu wa namna hiyo haiwezekani awepo. Kibanio aliona nyuso zikipima: ama huyu binti ni mnyama, ama ana uchungu na anadanganya kumsitiri babu yake. Watu ni wema. Wakachagua la pili.

"Mwacheni," alisema mwalimu wa hesabu. "Alimpenda sana mzee."

Ni mama peke yake aliyechagua la kwanza. Alikuwa kwenye kiti cha mbele, na alikuwa akimtazama mwanawe kama mtu anayesoma barua mara ya pili. Hii suti baba aliipata wapi. Sijui, mama. Akainuka, akahamia kiti cha mwisho kabisa cha safu. Hata kufinya hakumfinya.

Mkaguzi akainua mkono.

"Nimemsamehe," alisema. "Alinifulia miaka mingi, na kama alikuwa akizivaa, basi amezivaa. Azikwe nayo. Sitaki irudi."

Watu wakapiga makofi. Mwanamke mmoja akalia kwa uzuri wa moyo wa Mkaguzi. Mjomba Mkubwa akamkumbatia, na hapo hapo akampa kadi yake ya duka la vipuri.

"Mvueni," alisema Kibanio. "Nawaomba. Nitamfunga shuka, nitamvalisha hata lile shati lenye rangi. Msimzike nayo." Alikuwa ameshashika kola ya koti. Mjomba Mdogo akamtoa vidole kimoja kimoja, bila kumwumiza, akasema pole, pole sana, na kifuniko kikashuka. Mzee Pasi alikwenda kaburini amemvaa mtu, na amesamehewa.

Wajomba waliondoka jioni ile ile. Jumamosi asubuhi Kibanio alifungua duka kwa sababu mashati kumi na manne ya Jumatatu yalikuwa yakisubiri wenyewe. Hakufika hata kuwasha mkaa. Foleni ilikuwa imeshafika mlangoni: wote wamekuja kuchukua nguo zao siku moja, zilizofuliwa na zisizofuliwa. Walisema pole. Halafu walifungua vifurushi vyao hapo hapo juu ya meza, wakahesabu, wakanusa makwapa, wakageuza mifuko. Kwa kila mmoja Kibanio alianza upya: suti ilitundikwa kule kwa sababu ya moshi, ni mimi niliyenyamaza, ni mimi. Na kila mmoja alimjibu ndiyo mwanangu, ndiyo, huku akihesabu vifungo. Mama alipita kwenda kazini na fagio lake, akapita katikati ya foleni bila kutazama upande wa meza.

Mama wa duka la dawa alikuwa wa mwisho. Gauni la zambarau alilikagua mshono kwa mshono, akalikunja mwenyewe, vibaya, akalitia kwenye mfuko. Kisha akabaki amesimama. Macho yake yalikuwa kifuani kwa Kibanio, kwenye blauzi ya njano aliyovaa.

"Hiyo ni yako?"

"Yangu."

"Mbona kama nimewahi kuiona mahali?"

"Niliinunua mitumbani," alisema Kibanio. "Mwaka juzi, Jumapili, kwa yule mama mwenye mwavuli. Ilikuwa na kola, nikaikata. Babu alikuwepo." Akaendelea, rangi yake ilivyokuwa kabla ya kupauka, kifungo kilichopotea, walivyobishana bei, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyojisikia akisikika kama mwongo, na mama wa duka la dawa akawa anaitikia kwa kichwa, taratibu, kwa huruma.